Usiku wa Kirumba na Mahakimu Wake

Iko hukumu moja ambayo hutolewa mara kwa mara katika baraza za pwani, tena hutolewa kwa utulivu, kama jambo lililokwisha kuthibitishwa na halihitaji shahidi: ya kuwa miji ya bara, na Mwanza kuliko yote, ina biashara lakini haina utamaduni, ina pamba, dhahabu na samaki, lakini haina wimbo. Unguja usiku una udi na taarab, Lamu usiku una maulidi na utenzi, Mombasa usiku ina Muyaka wa kukumbukwa. Mwanza usiku ina baa. Mwenye kuyasema hayo aghalabu hajapata kulala Kirumba hata usiku mmoja, na kama amelala, alifunga dirisha.

Kirumba ni mtaa ulioko kaskazini ya kitovu cha mji, ufukweni mwa ziwa, njiani kuelekea uwanja wa ndege. Mna soko la Mwaloni, ambamo dagaa na samaki wakavu huingia kwa mitumbwi na maboti kutoka visiwani, na hutoka kwa malori kwenda Kongo, Burundi na mikoa ya nchi. Mna uwanja wa mpira wa CCM. Na baina ya soko na uwanja, na pande zote zinazouzunguka, mna baa, kumbi za muziki, nyumba za wageni, wachoma nyama, wakaanga samaki, wauza karanga na sigara moja moja, na watu wa kila kabila la Maziwa Makuu ambao mchana wamepigana bei na usiku wanakaa meza moja. Mchuuzi aliyeuza gunia lake jioni hawezi kusafiri hadi asubuhi. Dereva anasubiri kupakia. Mvuvi ametoka kisiwani baada ya mwezi mzima wa mbalamwezi na giza, ana fedha mfukoni na hana wa kumuuliza. Hivyo ndivyo mtaa wa starehe unavyozaliwa popote duniani, na hivyo ndivyo ulivyozaliwa Ng'ambo ya Unguja, ijapokuwa wajukuu wa Ng'ambo hawapendi kukumbushwa.

Mtaa huu umekwisha kusimamishwa kizimbani na mahakimu wanne. Mhubiri ameuhukumu kwa dhambi. Daktari ameuhukumu kwa maradhi. Mpiga filamu wa Ulaya ameuhukumu kwa huruma, ambayo ndiyo hukumu isiyokatiwa rufaa. Mwanasiasa ameutetea kwa namna ya kuuonea haya. Yupo na hakimu wa tano, mshairi na mhakiki wa Kiswahili, ambaye hakusema neno. Hatia ya huyu wa tano ni kubwa kuliko ya wote wanne, kwa sababu wale hawakuwa na sikio la wimbo, na yeye alikuwa nalo.

Mwanza ya leo ilianza kuwa kituo cha Wajerumani mwaka 1892. Baadaye ikaja pamba, kwanza kwa amri ya Wajerumani na kisha kwa msukumo wa Waingereza, na mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika ufukweni. Huo ndio mwaka ambao Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri zake za kwanza, na yafaa msomaji auweke moyoni mwaka huo, maana utarejewa. Garimoshi lilileta makarani, makuli, mafundi, maaskari waliostaafu, na wanawake waliokimbia ndoa. Katikati ya mji, chini ya majabali, pana mahali paitwapo Makoroboi hadi leo, kwa sababu mafundi wa mabati walikuwa wakiunda hapo koroboi, ile taa ndogo ya mafuta ambayo pwani huitwa kibatari. Mji mzima wa usiku uliwashwa na makopo yaliyotupwa. Hakuna mshairi aliyeliokota jina hilo, nalo liko wazi barabarani, linapitwa kila siku.

Sheria ya kikoloni ilimkataza Mwafrika vileo vikali vya Kizungu kwa miongo mingi, ikamwachia pombe ya nafaka katika vilabu vyenye leseni. Waliopika pombe hiyo walikuwa wanawake. Serikali ilitoza ada kwa mkono wa kulia na kukemea ulevi kwa mkono wa kushoto, na mwanamke aliyesimama katikati ya mikono hiyo miwili alisomesha watoto, alijenga nyumba ya udongo, na aliitwa malaya. Ada zilitiwa katika daftari na daftari zikahifadhiwa. Nyimbo zilizoimbwa huku kata ikizunguka hazikutiwa popote.

Hapa ndipo pwani inapojidanganya zaidi, kwa kudhani kwamba watu waliokuja mjini kutoka Usukumani walikuja mikono mitupu, wakasubiri gitaa. La hasha. Walikuja na moja ya desturi nzito za mashindano ya ushairi katika Afrika ya Mashariki. Baada ya mavuno, vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, hukutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na umati ndio hakimu: upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hana budi kutunga upya kila mwaka, kwa sababu wimbo wa mwaka jana hauvuti mtu. Hutukana, husifu, hubashiri, hucheka watawala, hutaja bei ya pamba. Anaweza kuwa na dawa ya mvuto shingoni, lakini dawa haijapata kuokoa ubeti mbovu. Mwanamalundi, ambaye watoto wa shule wameambiwa tu kwamba alikausha miti kwa kunyoosha kidole, alikuwa kwanza mcheza ngoma, na umaarufu wake aliupata uwanjani.

Msomaji wa Lamu aliyesikia habari za Mkomani na Langoni anaelewa mara moja jambo hili ni jambo gani. Vivyo hivyo aliyesikia wazee wakisimulia Marini na Arinoti, vyama vya beni vilivyoshindana pwani nzima kwa kofia, kwa tarumbeta na kwa matusi yenye vina, kisha beni hiyo ikapanda bara pamoja na askari na makarani. Vivyo hivyo aliyekaa Unguja baina ya Ikhwan Safaa, chama cha tangu 1905, na wapinzani wake waliozaliwa baadaye. Ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba cha pwani kiliandikiwa vitabu na cha bara kiliitwa ngoma za wakulima, kikaachiwa wamisionari. Na kwa kweli aliyeyaokoa mengi ni padri wa Kikanada, David Clement, aliyejenga Bujora karibu na Kisesa katika miaka ya 1950, akaweka nyumba ya makumbusho ya Wasukuma, na akazipa ngoma siku yao katika sikukuu ya Bulabo. Mtu aweza kugombana na nia ya padri. Ngoma zimo, hata hivyo, zimehifadhiwa. Kitabu kikubwa kabisa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, kilichotoka mwaka 2010, kilikusanywa na mwanachuoni wa Kimarekani, Frank Gunderson. Wenye Kiswahili walikuwa wapi? Walikuwa wakibishana kama shairi lisilo na vina ni shairi.

Lakini hata Bujora na Gunderson walikwenda hasa kijijini na shambani. Mji ulibaki bila mtunza kumbukumbu. Aliye kijijini ni mwenye mila; akishuka Kirumba, akavaa suruali, akashika gitaa, au akajipaka wanja akakaa mlangoni mwa baa, amepotoka, na aliyepotoka haandikwi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliishi Mwanza mshairi Saadani Kandoro, aliyekuwa akikitumikia chama cha TAA katika Jimbo la Ziwa. TANU ilipoundwa mwaka 1954, serikali ililikataza tawi lake katika jimbo hilo hadi 1958. Chama cha siasa kikiwa haramu kwa miaka minne, maneno hayakukoma. Yalihamia mahali ambapo watu walikuwa wana haki ya kukutana, yaani katika ushirika wa pamba, ambao muungano wake mkuu uliundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, na katika ngoma. Historia ya Uhuru inamkumbuka Kandoro kwa siasa na kwa mashairi yake, kama ipasavyo. Haimkumbuki aliyemsikiliza, wala klabu ambamo maneno yake yalirudiwa na kupotoshwa na kupewa mahadhi. Shairi la siasa lisilorudiwa na mlevi bado halijafika kwa watu.

Miaka ya dansi inajulikana, na yaweza kupitwa upesi. Pamba ililipa, ukaja ukata. Ushirika ulivunjwa mwaka 1976, ukarudishwa baadaye ukiwa dhaifu. Bendi zilipiga mikoani kote, Tabora, Morogoro, Tanga, Mwanza. Lakini kinasa sauti cha taifa kilikuwa Dar es Salaam, na bendi isiyofika Radio Tanzania ilikuwa kama haikupigwa. Hivyo historia ya dansi ya Tanzania imekuwa historia ya wale waliopata nauli. Kisha zikaja kampeni za adabu. Mwishoni mwa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya nguo fupi na nywele za bandia, iliyoanza Dar es Salaam mwaka uliofuata. Mwaka 1983 ikaja sheria ya nguvukazi, na asiye na kazi inayotambulika alijikuta akisombwa mjini kurudishwa shamba. Kila mara wa kwanza kuulizwa cheti alikuwa mwanamke asiye na mume. Hata Idi Amin hakuiogopesha Mwanza kiasi hicho: mwaka 1979 ndege ya Libya iliyotumwa kuupiga mji ilikosea shabaha, ikaangusha mabomu kisiwani Saa Nane, ikaua paa wa hifadhi.

Ndipo akaja sangara. Alitiwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na kufuatia, akakaa kimya, na katika miaka ya 1980 akalijaza ziwa na kuwala furu waliokuwamo kwa mamia ya aina. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikasimama Mwanza. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Vichwa na mifupa, yaani mapanki, ikabaki. Fedha iliyoingia kwa siku moja haikuwahi kuonekana tangu siku za pamba nzuri, na fedha ya namna hiyo hailali nyumbani. Marubani wa Urusi na Ukraini walikuwa wakitua, wakisubiri shehena siku mbili tatu, na barabara ya kutoka uwanja wa ndege kwenda mjini hupita Kirumba.

Hapo ndipo mahakimu walipoongezeka. Daktari alitangulia, na haki yake apewe. Utafiti uliofanywa vijijini mkoani Mwanza kati ya 1991 na 1994 ulionesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya Ukimwi kwa kiasi cha asilimia 40, na dunia nzima ya tiba ikasoma habari za Mwanza. Baada ya hapo watafiti waliwafuata wanawake wa baa, wa migahawa na wa nyumba za wageni. Kati ya 2005 na 2009 wengi wao walishiriki katika majaribio ya jeli ya kinga, ambayo mwishowe haikukinga. Walijitolea mwaka baada ya mwaka, kwa elimu ambayo faida yake ingewafikia wanawake wa nchi nyingi. Pengine hakuna wanawake wa Kiswahili ambao damu yao imepimwa mara nyingi kuliko hao. Umri wao unajulikana, idadi ya wateja wao inajulikana, muda waliokaa katika kazi unajulikana. Katika karatasi zote hizo hakuna mahali palipoulizwa wanaimba nini wakifagia ukumbi asubuhi. Daktari halaumiwi kwa hilo. Si kazi yake.

Na yafaa isemwe kwamba habari za mpira wa kinga, mtaa wa starehe ulizipata kwa Remmy Ongala kabla ya kuzipata kwa mkuu yeyote. Wimbo wake Mambo kwa Soksi Radio Tanzania haikutaka kuupiga. Ukapigwa kumbini, ukafika ulikotakiwa kufika. Usiku ulikuwa ukijifunza kujikinga wakati mchana ulikuwa ukitafuta neno la adabu.

Mwaka 2004 ikatoka filamu ya Mwaustria Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza na kandokando ya ziwa. Ilipata tuzo nyingi, ikatajwa hata katika mashindano ya Oscar ya mwaka 2006. Samaki wanakwenda, njaa inabaki, na ndege zinapokuja, filamu inadokeza, huenda zimebeba silaha. Mwaka huohuo wa 2006 Rais Jakaya Kikwete, akihutubia Mwanza, aliishambulia filamu hiyo, na maandamano ya kuilaani yakafanyika mjini. Mjadala ukawa mkali: je, mapanki ni chakula cha watu? Je, bunduki zilikuwamo? Je, jina la nchi limechafuliwa? Ufaransa watu walifikishana hadi mahakamani. Kila upande ulikuwa na hoja zake, na baadhi ya hoja za serikali hazikuwa mbaya, kwa sababu mji wa mamia ya maelfu ya watu haukuwa machinjio na danguro tu, na mpiga filamu aliyekuja kutafuta jahanamu hakukosa moto wa kuchomea mahindi akauita jahanamu.

Ila katika filamu hiyo limo jambo ambalo hakuna upande uliolitamka. Mwanamke mmoja kijana, kati ya wanaoandamana na marubani, anaimba. Anaimba wimbo wa kuisifu nchi yake, ule ambao kila mtoto wa shule Tanzania ameuimba. Anauimba mbele ya wanaume wasiofahamu neno lake hata moja. Filamu inaeleza baadaye kwamba aliuawa na mteja kabla kazi haijakamilika. Waliomwonea huruma Ulaya walizungumzia kifo chake. Waliokasirika Tanzania walizungumzia aibu yake. Hakuna aliyezungumzia sauti yake, wala kuuliza kwa nini, katika nyimbo zote alizozijua, alichagua huo, na kama alikuwa akiusema kwa moyo au kwa kejeli, au kwa vyote viwili pamoja, kama afanyavyo mwimbaji yeyote anayejua kazi.

Sasa urejewe mwaka 1928. Siti binti Saad alitoka Fumba, binti wa wafinyanzi, akauza vyungu, akaingia mjini mwaka 1911. Leo anaitwa mama wa taarab, na Shaaban Robert mwenyewe alimwandikia wasifu. Lakini Ng'ambo aliyoiimba ilikuwa nini machoni mwa waungwana wa Mji Mkongwe wa siku hizo? Ilikuwa mtaa wa vibanda, wa watumwa walioachwa huru, wa makuli, wa wanawake wasio na walii, wa pombe ya kificho. Ilikuwa Kirumba. Na moja katika nyimbo zake zilizokumbukwa zaidi, Kijiti, inahusu mwanamke mgeni kutoka bara aliyekwenda starehe usiku akauawa. Muuaji alivuka bahari akaponyoka. Wenyeji wa marehemu, wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi, ndio walioadhibiwa. Siti aliichukua kesi hiyo akaihukumu upya mbele ya watu, kwa jina la muuaji, na jina hilo halijafutika hadi leo. Marehemu wa Kijiti alikuwa mwanamke wa usiku kama yule wa Mwanza. Tofauti baina yao ni kwamba Ng'ambo ilikuwa na Siti, na Siti alipata santuri.

Basi anayemheshimu Siti na kuidharau Kirumba hana kipimo kimoja. Anaheshimu usiku uliokwisha kufa, uliotiwa fremu, uliopakwa udi na kuuzwa kwa watalii hotelini. Usiku ulio hai unamnukia samaki.

Itasemwa, na imekwisha kusemwa, kwamba huku ni kuupamba uchafu. Kwamba Kirumba kuna wasichana walioletwa kutoka vijijini kwa ahadi ya kazi za ndani, kuna visu, kuna watoto wanaolala nje wakivuta gundi, kuna wavuvi waliozika jamaa zao watatu wanne kwa ugonjwa mmoja. Yote ni kweli, na mwenye kuyaficha ni mwongo. Lakini haifuati kwamba mahali penye dhiki hapana sanaa, na mtu wa pwani ndiye wa mwisho kuruhusiwa kusema hivyo, ilhali nusu ya nyimbo anazozijua zilitungwa na watumwa. Yuko na mwenye kupinga kwa sababu ya dini, kwamba palipo na ulevi hapana la kuhifadhiwa. Huyo ana haki ya kutokwenda. Hana haki ya kudai kwamba pasipokwenda yeye hapajatokea kitu. Washairi wa kale waliusifu mvinyo bila kuulizwa chupa ziko wapi, na diwani zao zimo makabatini mwa watu wacha Mungu.

Hoja ya tatu ndiyo iliyovaa joho la elimu: kwamba ushairi una kanuni, na kanuni ni za pwani. Ajabu ya hoja hii ni kwamba mtu aliyeziandika kanuni hizo kitabuni, Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, alizaliwa Ujiji, kando ya ziwa jengine la bara. Na mtu aliyezivunja kwa nguvu kuliko wote, Euphrase Kezilahabi, katika Kichomi ya mwaka 1974, alikuwa wa Namagondo, Ukerewe, kisiwa ambacho jahazi lake la sokoni huja Mwanza. Wote wawili, aliyejenga ukuta na aliyeubomoa, walitoka maziwani. Kezilahabi alikuwa amekwisha kuandika Rosa Mistika mwaka 1971, habari za msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo na kuangamizwa na uhuru asiofundishwa kuutumia, na kitabu kikazuiwa mashuleni kwa muda. Waliokizuia walisema kina matusi. Kilikuwa kitabu cha kwanza kikubwa cha Kiswahili kumwuliza msichana wa ziwani kwa nini amefika mjini usiku, kabla ya kumhukumu kwa kufika.

Tena, mwanzoni mwa karne hii kijana wa Mwanza, Farid Kubanda, ajulikanaye kwa jina la Fid Q, aliipa albamu yake ya kwanza jina la Vina Mwanzo Kati na Mwisho. Wazee wa ushairi walikuwa wakilia kwamba vijana wa rapu wameviua vina. Yeye aliongeza kina cha tatu. Hakuna jarida la ushairi wa pwani lililompa ukurasa wakati huo, na inawezekana kwamba hakuuhitaji, lakini majarida yalimhitaji.

Kirumba inabadilika. Sangara wamepungua, viwanda kadhaa vimefungwa, ndege za minofu si nyingi kama zilivyokuwa. Mwaka 2022 Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1, na mwaka 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa. Pale ambapo watu walikuwa wakingoja kivuko kwa saa nzima na zaidi, wakila, wakisikiliza redio ya muuza mahindi, sasa wanapita kwa dakika chache. Baa za bendi zimekuwa baa za spika. Wanamuziki wa miaka ya 1970 wanazeeka na kuzikwa, na kila mmoja anakwenda na kumbi kumi kichwani. Waliokuwa wahudumu katika miaka ya ndege ni akina mama na bibi sasa. Wengi wana vioski, wengine wameokoka na wanaimba kwaya, na sauti iliyojifunza kukata kelele za ukumbi haipotei kanisani.

Kazi inayotakiwa si kubwa. Mtu mmoja, kinasa sauti kimoja, adabu ya kusubiri, na shilingi za soda. Vyama vya ushairi vya Unguja, Mombasa na Lamu vimepeleka wajumbe kwenye makongamano ya mbali zaidi ya Mwanza, vikarudi na picha. Vyuo vikuu viko, kimoja mjini Mwanza penyewe, na wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada za tasnifu hupewa tena na tena dhamira na fani katika vitabu vilevile kumi. Apelekwe mmoja Mwaloni saa kumi na moja alfajiri, wakati malori yanafungwa turubai na wanawake wanaopakia magunia wanapokezana kibwagizo. Kisha arudi jioni, akae nje ya ukumbi wowote, asiandike kitu siku ya kwanza.

Hadi hapo atakapokwenda, anayetaka kumsikia mwanamke wa usiku wa Mwanza wa miaka ile akiimba kwa sauti yake mwenyewe, pengine hana budi kuitafuta filamu ya Mwaustria, ile iliyolaaniwa, na kuipeleka mbele hadi afike pale ambapo marubani wanacheka na yeye anaendelea na ubeti wake.